“Shall” Haimfungi Mtu

Kuna somo moja la Kiingereza ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye kamati analijua, hata kama mengine yote yalimpita. “Shall” ni lazima, “may” ni hiari. Walimu wa sheria hulifundisha wiki ya kwanza, mawakili huwatuliza nalo wateja, wanaharakati hulipeleka kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Na kwenye kikao cha kupitisha katiba ya kikundi hakosekani mjumbe mmoja, mara nyingi mstaafu, wa kusimama na kalamu mkononi akitaka kila “may” iliyomo igeuzwe “shall” ili viongozi wasije wakaponyoka. Kikao kinampigia makofi. Viongozi, ambao ni wajanja kuliko anavyodhani, wanapiga makofi pia.

Mimi nasema somo hilo ni bovu. Chembe ya ukweli inayo, sikatai. Lakini limewafanya watu wazima walinde neno na kuiacha haki yao nje inanyeshewa. Ukiisoma sheria kwa kuhesabu “shall” ngapi zimo, utaamini umelindwa mahali ambapo hujalindwa, na utazidharau “may” ambazo ndizo zitakazokutoa kwenye nyumba uliyopanga.

Wanaolishikilia somo hili wana silaha moja nzito, nami sitaki kuizunguka. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kifungu cha 53, inasema waziwazi kwamba mtu akipewa mamlaka kwa neno “may” ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha, na akipewa kazi kwa neno “shall” kazi hiyo sharti ifanyike. Bunge lenyewe limenena. Mnataka nini tena?

Nataka tusome hukumu. Katika Rufaa ya Jinai Na. 118 ya 2006, Bahati Makeja dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ililetewa kasoro ya aina hii hasa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka jaji, upande wa mashtaka ukishamaliza na mshtakiwa akaonekana ana kesi ya kujibu, amweleze haki zake za kujitetea. Neno lililotumika ni “shall”. Ikadaiwa kwamba jaji hakueleza. Kwa somo la kamati, kesi imekufa hapohapo. Mahakama ikakataa. Ikasema “shall” katika sheria hiyo haisomwi kama amri isiyopinda ya kifungu cha 53. Inasomwa chini ya kifungu cha 388 cha sheria hiyohiyo, ambacho hakiruhusu hukumu ivunjwe kwa dosari ya mwenendo mpaka ionekane kwamba dosari hiyo imepotosha haki. Mshtakiwa alikuwa na wakili, wakili anazijua haki za mteja wake, na utetezi ulitolewa. Nani aliyepunjwa?

Hukumu hiyo binafsi hainikeri. Kama kila “shall” iliyorukwa ingemfungulia mtu mlango wa gereza, magereza yangekuwa yanajaa na kumwagika kufuatana na usahaulifu wa makarani. Kinachonikeri ni kwamba baada ya hukumu kama hiyo bado tunawaambia wanafunzi “shall” ni lazima, nukta, tukijua kwamba mahakama ya juu kabisa nchini imeliweka neno hilo kwenye mizani na kuliona jepesi.

Sasa geuza upande wa pili, uone “may” inavyoua. Sheria ya uhujumu uchumi, kifungu cha 26, inaeleza kwamba hakuna kesi ya kosa la uhujumu uchumi itakayoanza kusikilizwa bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kiingereza chake hakina “shall” wala “must”. Kina “may”, lile neno la hiari, likiwa limetanguliwa na kikanushi. Nenda kaangalie hukumu za Mahakama ya Rufani: watu waliokwisha kutiwa hatiani na kuanza kutumikia vifungo wamefika mbele ya majaji, ikaonekana ridhaa haikuwamo kwenye jalada, mwenendo mzima ukafutwa tangu ukurasa wa kwanza. Hapo hakuna aliyeuliza kama kuna mtu aliyepunjwa. Mahakama haikuwa na mamlaka, basi, kila kilichofanyika ni batili.

Mtaniambia “may” ya kukanusha si sawa na “may” tupu. Kweli kabisa, na mkisema hivyo mmekwisha kuhamia upande wangu. Maana nguvu haikutoka kwenye neno. Imetoka kwenye kikanushi kilicholitangulia, kwenye jambo lenyewe linalozungumzwa, yaani mamlaka ya mahakama kuanza kazi, na kwenye utayari wa majaji kulifuta lililofanyika. Ondoa vitu hivyo vitatu, “may” inarudi kuwa neno la adabu la kuombea ruhusa ya kwenda chooni.

Kenya ndiyo shule kubwa zaidi ya jambo hili, na ada yake imelipwa na wanawake. Katiba ya 2010 imejaa “shall” kuliko hati nyingine yoyote ninayoijua katika ukanda wetu. Ibara ya 27 inaitaka dola ichukue hatua za kisheria na nyinginezo kutekeleza kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Ibara ya 81 inautaka mfumo wa uchaguzi uzingatie kanuni hiyohiyo. Zote mbili ni “shall”. Mwaka 2012 swali likapelekwa Mahakama ya Juu: je, Bunge litakalochaguliwa mwaka unaofuata lisipotimiza theluthi, litakuwa halali? Tarehe 11 Desemba majaji walio wengi wakajibu kwamba “shall” huwa amri ya papo kwa papo pale tu ambapo kazi inayoagizwa iko tayari kutekelezwa kama ilivyo. Hii ya jinsia itafikiwa hatua kwa hatua, na Bunge lipewe hadi 27 Agosti 2015 kutunga sheria. Jaji Mkuu Willy Mutunga peke yake alikataa. Nadhani alikuwa na haki ya kukataa, lakini ushauri wa mahakama ni wa walio wengi.

Tarehe ikafika, ikasogezwa, ikapita. Mahakama Kuu ikaliamuru Bunge mwaka 2017 litunge sheria ndani ya siku 60. Siku 60 zikaisha. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono amri hiyo mwaka 2019. Kimya. Ndipo macho yote yakageukia Ibara ya 261, fungu la 7, ambalo wapenzi wa “shall” walikuwa wakiliota kwa miaka. Linasema Bunge likikaidi amri ya kutunga sheria, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje, naye Rais atalivunja. “Shall” mbili katika sentensi moja, moja ya Jaji Mkuu na moja ya Rais. Hakuna “may” hata ya kuonjesha. Ukimpa yule mstaafu wa kwenye kikao nafasi ya kuandika kifungu cha ndoto yake, ataandika hicho.

Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akatimiza “shall” yake: akampelekea Rais Uhuru Kenyatta ushauri wa kulivunja Bunge. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo kungoja kesi zisikilizwe. “Shall” ya Rais ikakaa palepale ilipoandikwa. Bunge likaendelea kukutana, wabunge wakaendelea kulipwa, na likafikia uchaguzi wa 2022 likiwa zima. Bunge lililofuata nalo halikufikisha theluthi ya wanawake.

Hapa ndipo wenzangu hupenda kusema tatizo ni viongozi, neno halina kosa. Lakini fungua Katiba hiyohiyo, Ibara ya 115, inayomhusu Rais huyohuyo. Rais akipelekewa muswada ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha bungeni. Hapo pia pana “shall”. Asipofanya lolote je? Katiba haimsihi wala haimtishi. Inasema siku hizo zikiisha muswada utahesabika umekwisha kuridhiwa. Rais anaweza kuuweka mtotoni mwa meza, akasafiri, akarudi, akakuta ni sheria. Neno ni lilelile, kiongozi ni yuleyule, na hati ni moja. Tofauti ni kwamba Ibara ya 115 ilikwisha kuwaza kwamba Rais anaweza kukaa kimya, ikaupa ukimya wake matokeo. Ibara ya 261 haikumpa Rais hata siku moja ya mwisho, wala haikusema Bunge litahesabika limevunjika kuanzia lini. Aliyeiandika aliiamini “shall”.

Msidhani huu ni ugonjwa wa Afrika. Waingereza wenyewe, wenye lugha, walishitakiana juu ya maneno haya mpaka Bunge la Mabwana, lililokuwa mahakama yao ya mwisho, katika kesi ya Julius dhidi ya Askofu wa Oxford, mwaka 1880. Muumini mmoja alikuwa na malalamiko kuhusu ibada za kasisi wa parokia yake, akamtaka askofu aunde tume ya uchunguzi chini ya sheria ya kanisa ya mwaka 1840. Sheria ilitumia maneno ya kizamani ya waandishi wa sheria, kwamba “itakuwa halali” kwa askofu kuunda tume, na hilo “itakuwa” kwa Kiingereza ni “shall”. Mlalamikaji akasema askofu hana hiari. Mabwana wakaamua anayo. Hiyo ni “shall” iliyozaa “may” tupu. Wakaongeza jambo ambalo limenukuliwa tangu siku hiyo: mara nyingine mamlaka aliyopewa mtu kwa neno la ruhusa hufungamana na wajibu, kwa sababu ya jambo lenyewe, au lengo lake, au watu ambao mamlaka hayo yaliwekwa kwa faida yao. Kwa hiyo ni miaka zaidi ya 140 sasa tangu mahakama ya juu ya Uingereza iseme kwamba upande wowote unaweza kugeuka. Sisi bado tunafundisha kinyume chake ubaoni.

Lakini kesi inayonikaa kooni ni ya Marekani. Mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado, Juni 1999. Mama aitwaye Jessica Gonzales alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe, waliyekuwa wametengana, asimkaribie yeye wala watoto. Nyuma ya karatasi ya amri yalichapishwa maelekezo kwa polisi, na sheria ya jimbo iliyarudia: polisi atatumia kila njia ya busara kuitekeleza amri hii, atamkamata anayeivunja. “Shall”, tena “shall”. Baba akawachukua mabinti watatu. Mama akapiga simu polisi, akaambiwa asubiri. Akapiga tena. Akaenda mwenyewe kituoni. Usiku wa manane ulishapita baba alipofika kituoni na kufyatua risasi; polisi wakamuua, na ndani ya gari lake wakakuta maiti za watoto wote watatu. Mama akashitaki mji kwamba sheria ilimpa haki ya ulinzi, si ombi la ulinzi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura saba dhidi ya mbili, ikasema hapana: polisi wamekuwa na hiari ya kukamata au kutokukamata tangu zamani, na “shall” ya Colorado haitoshi kuiondoa hiari hiyo wala kumpa yule mama haki anayoweza kuidai kikatiba. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya mataifa ya Amerika iliona Marekani imemkosea. Watoto walikuwa wamezikwa miaka 12.

Nani atasimama mbele ya hukumu hiyo aniambie “shall” ni lazima?

Pengine tungekwisha kulielewa neno hili kama tungejua lilikotoka. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kudaiwa. Kwenye Injili za Kiingereza za karne ya 10 na 11, yule wakili dhalimu wa Luka 16 anapowauliza wadeni wa bwana wake wanadaiwa kiasi gani, kitenzi anachotumia ni huyuhuyu babu wa “shall”. Naye babu wa “may” alimaanisha kuwa na nguvu, kuweza. Kwa hiyo asili ya “shall” inakwambia unadaiwa, na asili ya “may” inakwambia una nguvu. Mdaiwa asiye na tarehe ya kulipa wala dhamana ni mtu huru kuliko wote mjini. Kanuni nyingine tuliyochapwa nayo shuleni, ya kusema “I shall” lakini “you will”, haina ukale huo. Ni John Wallis aliyeiweka kwenye kitabu chake cha sarufi mwaka 1653, tena kitabu kilichoandikwa kwa Kilatini, na Waskoti na Waayalandi hawakuifuata hata walipochekwa.

Wapo wanaokubali yote haya, kisha wanakuja na tiba: acheni “shall”, tumieni “must”. Afrika Kusini walifanya hivyo. Katiba ya mpito ya 1993 ilijaa “shall”, ile ya 1996 ikaandikwa kwa “must”. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani zilisafishwa vivyo hivyo mwaka 2007. Sina ugomvi nao, Kiingereza chao kinasomeka vizuri zaidi. Ila “must” inamaliza utata wa usomaji tu. Haijibu swali la nini kitatokea usipofanya. Mabwana wa Uingereza walilifikia swali hilo mwaka 2005, kesi ya Soneji, ambapo amri za kutaifisha mali za wahalifu zilitolewa baada ya muda wa miezi sita uliowekwa na sheria kupita. Badala ya kubishana kama sheria ile ni ya lazima au ya kuelekeza, wakauliza: Bunge lilikusudia muda ukipita amri ife? Wakaona hapana. Amri zikasimama. Swali hilo ndilo swali lenyewe, na halimo ndani ya kitenzi chochote.

Tushuke mpaka kwenye karatasi ambayo wengi wetu tumeisaini bila kuisoma, mkataba wa pango, ule wa Kiingereza unaochapwa stationery kwa shilingi elfu kadhaa. Utakuta mwenye nyumba “shall” afanye matengenezo makubwa, “shall” arudishe amana ya mpangaji. Mpangaji anafurahi, amelindwa. Halafu chini kidogo: kodi ikichelewa siku 14, mwenye nyumba “may” akavunja mkataba bila notisi zaidi na kushika mali iliyomo. Mpangaji anaisoma kwa upole, hiyo si ni hiari tu. Bomba likipasuka, “shall” haina siku, haina mafundi, haina adhabu. Ni simu zisizopokelewa. Kodi ikichelewa, “may” ina siku 14, ina kitendo, ina kufuli mpya mlangoni. Niambie lipi kati ya maneno hayo mawili lilikuwa na meno.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa Watanzania wakati huu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na tafsiri ya sheria zetu inaendelea. Nimewasikia wanasheria, na wengine ni watu ninaowaheshimu, wakisema kazi hiyo ina walakini kwa sababu Kiswahili hakina jozi ya “shall” na “may”. Kiambishi “-ta-” kinabeba utabiri na amri pamoja, na hakimu hatajua kipi ni kipi. Hofu hiyo haina msingi. Katiba ya 1977 imeandikwa kwa “-ta-” kuanzia mwanzo, na hakuna aliyedhani kwamba Rais kumteua Waziri Mkuu ndani ya siku 14 ni utabiri wa hali ya hewa. Kama jozi ya Kiingereza ingekuwa inafanya kazi inayosifiwa nayo, tungekuwa tumepoteza kitu. Haijaifanya popote.

Hatari ninayoiona ni ya upande mwingine, ya mfasiri mtiifu anayebandika “lazima” kila penye “shall” na “anaweza” kila penye “may”. Sheria zetu nyingi za Kiingereza hufungua kwa kusema sheria hii “may” ikatajwa kwa jina fulani. Waandishi wetu wa Kiswahili, kwa akili nzuri kabisa, huandika “Sheria hii itaitwa”. Mtiifu atatuandikia sheria hii inaweza kuitwa hivyo, ikipenda. Na pale Kiingereza kinaposema tume “shall” iwe na wajumbe saba atatuletea tume ambayo lazima itakuwa na wajumbe saba, sentensi inayoonekana kama inamtisha mtu, ila hajulikani nani.

Kwa hiyo mzee wangu mwenye kalamu, na wewe mfasiri, na wewe mjumbe wa kamati ya katiba ya ushirika, ziacheni “shall” zilivyo. Mkiletewa kifungu, ulizeni mambo manne: nani hasa anatakiwa kufanya, mwisho lini, asipofanya nini kitahesabika kimetokea, na nani ana haki ya kwenda mahakamani kulidai hilo. Kifungu kisichojibu hayo kirudisheni kwa mwandishi, hata kama kina “shall” kumi.

Kwa wabunge wa Kenya nina ombi moja fupi zaidi. Ibara ya 261, fungu la 7, inahitaji maneno machache tu ya nyongeza: siku ambazo Rais amepewa, na kwamba zikiisha Bunge litahesabika limevunjika. Mfano wa kunakili mnao tayari, uko Ibara ya 115.